Siku moja, mji mgeni, picha 840: je, tatizo ni simu?

"Shikamoo mwalimu. Mwezi uliopita mimi na dada yangu tulipata siku moja tu katika mji ambao hatujawahi kufika. Nilikusanya vivutio vyote vinavyosifiwa, nikaandika orodha ya sehemu kumi na moja, na zote tulizifikia. Nilirudi na picha 840 kwenye simu. Sasa nikizitazama nataka kulia. Anga ni nyeupe kama karatasi, uso wa dada ni mweusi, majengo marefu yanaonekana yanaangukia nyuma, na za usiku karibu zote zimetikisika. Ninayoipenda ni moja tu, nayo niliipiga bila kupanga: dada ameketi kwenye ngazi za mlango fulani uchochoroni, anafunga kamba za kiatu. Linaloniuma zaidi ni kwamba watu wakiniuliza mji ulikuwaje, sina la kusimulia. Rafiki yangu anasema simu haitoshi, ninunue kamera kubwa. Mwezi ujao tutapata tena siku moja katika mji mwingine mgeni. Je, ninunue? Na watu wa mtaani nawapigaje picha bila kuwaudhi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla hatujafika kwenye habari ya kamera naomba tutenganishe mambo mawili uliyoyafunga furushi moja. Kuna picha zilizoharibika, na kuna siku iliyopita bila kukuachia kitu. Picha zinatibika kwa mazoezi ya wiki moja. Siku ile ndiyo iliyokufanya uandike, nami nitaanza nayo, maana ndiyo iliyoziharibu picha.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme mlitembea saa kumi, yaani dakika 600. Picha 840 ndani ya muda huo ni picha moja kila sekunde 43, mfululizo, hata mlipokuwa mnakula na mnavuka barabara. Sehemu kumi na moja zina safari kumi katikati yake. Kila safari ikichukua nusu saa, dakika 300 zimeishia njiani, na kila kivutio kimebakiwa na dakika 27. Ndani ya dakika hizo mnafika, mnatafuta pa kusimama, mnasubiri wageni wengine wapishe, dada anajiweka sawa, unapiga, mnaondoka. Mji wenyewe uliutazama saa ngapi?

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha utafiti wake juu ya watu waliotembezwa katika makumbusho ya sanaa. Vitu vingine waliambiwa wavitazame tu, vingine wavipige picha. Kesho yake walivikumbuka vizuri zaidi vile walivyovitazama tu, kana kwamba akili ilisema: kamera imeshakibeba, mimi nipumzike. Ila walipoambiwa wavute kamera wapige sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu haikupungua. Lakini usije ukaitupa simu. Mwaka 2017 Alixandra Barasch na wenzake walionyesha kwamba watu walioachiwa wajichagulie wenyewe cha kupiga waliyakumbuka vizuri zaidi waliyoyaona, ingawa waliyoyasikia yaliwapotea kidogo. Mimi nimefundisha upigaji picha miaka mingi na naona tafiti hizi mbili hazigombani. Ukichagua, jicho linafanya kazi. Ukipiga kwa sababu orodha imesema upige, jicho limelala na kidole peke yake ndicho kiko macho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu kamera hata kidogo. Mwezi ujao chagua sehemu tatu. Najua inauma, maana umelipa nauli na hujui kama utarudi. Sehemu nane utakazoziacha zitakuuma siku mbili tatu, kisha zitapita. Hizi tatu utakaa nazo.

Sasa habari ya kununua. Rafiki yako hajakosea kabisa, ila amekupa dawa ya ugonjwa mwingine. Ndani ya kila kamera kuna kibamba kinachopokea mwanga, tukiite kihisi. Kamera kubwa za kiwango cha juu zina kihisi cha milimita 36 kwa 24, yaani milimita mraba 864. Kamera za kati zina karibu 370. Simu nyingi hazifiki hata 100. Kihisi kikubwa kinakusanya mwanga mwingi zaidi, kwa hiyo kamera kubwa itakusaidia gizani, itakusaidia kwa ndege aliye mbali na mtoto anayekimbia, na itakusaidia ukitaka kuchapisha picha ya kujaza ukuta. Anga nyeupe saa saba mchana itaipunguza kidogo tu. Majengo yaliyoegemea haitayanyoosha. Na uso wa dada aliyesimama na jua mgongoni utatoka mweusi humo pia, tena mweusi wa ghali. Jambo jingine ni kwamba kamera mpya inataka miezi kadhaa ya kuzoeana nayo. Ukienda nayo safari ya siku moja ikiwa bado ngeni mikononi, utakuwa na wageni wawili wa kuwashughulikia: mji na kamera. Usinunue sasa. Baada ya safari hii, kama utajikuta mara kwa mara unakwama usiku au kwenye vitu vya mbali, azima kamera ya mtu mwishoni mwa wiki kabla ya kutoa fedha yako.

Kuna jambo dogo ambalo naona aibu kulisema kwa sababu linaonekana la kitoto, lakini linaponya picha nyingi kuliko kamera mpya: futa lenzi. Simu inashinda mfukoni na mkononi, na kioo kile kidogo cha nyuma kinabeba mafuta ya vidole. Mafuta yanautawanya mwanga, na ndipo unapopata ukungu mweupe kuzunguka taa na anga iliyochujuka. Tumia kitambaa laini cha miwani, kabla ya kila kituo. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto na unyevu, lenzi itatoa jasho. Usiifute mara kwa mara. Iache simu ndani ya begi lililofungwa nusu saa hivi ipate joto taratibu, la sivyo utafuta na umande utarudi.

Tuje kwenye anga nyeupe na uso mweusi, maana hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Ukisimama nje mchana, jicho lako halitazami kila kitu kwa pamoja. Linatazama anga, mboni inasinyaa. Linashuka kwenye uso wa dada kivulini, mboni inapanuka. Ubongo unaunganisha vipande hivyo na kukuambia umeona vyote sawasawa. Kamera inachukua kipimo kimoja kwa wakati mmoja. Kipima mwanga chake kimetengenezwa kudhani kwamba tukio lolote, ukilichanganya giza na mwanga wake wote, hutoa rangi ya kijivu cha wastani. Dada akisimama mbele ya anga kali, kamera inasema mwanga umezidi, inapunguza kila kitu, na uso unazama. Ukiilazimisha imulike uso, anga inafurika na kuwa karatasi. Simu za sasa hujitahidi kwa kupiga picha kadhaa haraka, nyingine za giza nyingine za mwanga, na kuziunganisha. Ndiyo maana ya zile herufi HDR unazoziona kwenye mipangilio. Zinasaidia. Tofauti ikizidi sana, nazo zinashindwa.

Kwa hiyo una njia tatu, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni kugusa uso wa dada kwenye kioo cha simu, kisha kuivuta juu ile alama ndogo ya jua inayotokea pembeni, na kukubali kwamba anga itapotea. Kama anga haikuwa na mawingu ya maana, acha ipotee. Ya pili ni kumgeuza dada jua limpige ubavuni, huku anga unayoipiga ikiwa upande ulio mbali na jua. Hapo utashangaa ilivyo ya buluu. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: mtie kivulini. Tafuta ukingo wa kivuli cha ukuta, baraza au tao la mlango, asimame hatua moja tu ndani ya kivuli na uso wake uelekee nje kwenye mwanga. Hapo anapata mwanga mpana na laini kutoka anga yote, hakunji macho, na hana vivuli vyeusi chini ya nyusi kama mtu aliyepigwa na jua la utosi.

Na hapa ndipo ratiba inapoingia. Jua linasogea digrii 15 kila saa, na kila jengo lina saa yake. Uso wa jengo unaotazama mashariki unapendeza asubuhi. Alasiri unakuwa kivulini, na nyuma yake anga inawaka, ndiyo ile picha yako ya jengo jeusi kwenye karatasi nyeupe. Katika miji iliyo kaskazini ya mbali, nje ya tropiki, jua la mchana hukaa upande wa kusini, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini hupata jua la moja kwa moja asubuhi sana na jioni sana tu, tena wakati wa kiangazi. Upande wa kusini wa dunia mambo yanageuka. Hayo yote unaweza kuyajua kabla hujaondoka nyumbani. Fungua ramani kwenye simu, tafuta kaskazini iko wapi, tazama kila sehemu yako inaelekea upande gani, kisha zipange tatu zako kwa jua badala ya kuzipanga kwa umaarufu. Ni kazi ya robo saa usiku wa kuamkia safari.

Nitakupa kisa kimoja. Niliwahi kufika asubuhi kwenye lango la kale nililolisafiria mwendo mrefu, nikalikuta jeusi tii, jua liko nyuma yake. Nilizunguka nikihangaika na kamera kama mtu aliyepoteza funguo. Mama mmoja aliyekuwa anafagia uwanja alinitazama kwa muda, akasimamisha ufagio, akaniambia, "Mwanangu, hapa jua linaingia saa kumi. Linaanzia pale chini kwenye kizingiti, linapanda." Nilirudi saa kumi kasorobo. Lilianzia kwenye kizingiti. Likapanda taratibu juu ya mbao, likafika kwenye misumari ya shaba, kila msumari ukatoa kivuli chake kirefu kama kidole. Nilipiga picha tisa tu siku ile pale langoni. Tangu hapo, kila ninapofika mahali namtafuta mtu anayeshinda hapo, mfagiaji, mlinzi, muuza maji, namuuliza jua linafika saa ngapi. Hajawahi kunikosesha mtu wa aina hiyo, na mara nyingi mazungumzo yanakuwa mazuri kuliko picha.

Utakuwa umesikia pia habari ya saa ya dhahabu, ule mwanga wa manjano wa asubuhi na jioni. Mwanga huo unatokea jua likiwa chini sana, kwa sababu miale yake inapita kwenye hewa nene kabla ya kutufikia. Buluu inatawanyika njiani, nyekundu na manjano zinabaki. Kosa ninaloliona ni watu kuliamini jina. Wapiga picha wengi huhesabu mwanga huo kuanzia jua likiwa digrii sita juu ya upeo wa macho. Karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, na digrii sita kwa mwendo wa 15 kwa saa ni dakika 24. Hiyo ndiyo "saa" yako. Katika nchi za mbali na ikweta jua linashuka mshazari, na mwanga huo unaweza kuzidi saa nzima. Kwa hiyo ushauri ulioandikwa na mtu wa Ulaya usiuchukue ulivyo. Kipimo changu ni ngumi: nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, iweke ikae juu ya upeo. Upana wa ngumi ni takriban digrii 10. Jua likiwa ngumi moja juu ya upeo katika mji wa karibu na ikweta, limebakiza kama dakika 40. Angalia ngumi, jua lenyewe usilikodolee macho.

Baada ya jua kuzama usiondoke. Wengi wanafunga begi hapo hapo na kuukosa wakati ambao anga imekuwa ya buluu nzito na taa za mji zimewashwa, na vyote viwili vina nguvu sawa ya mwanga. Kamera inaupenda wakati huo kwa sababu ile tofauti kubwa ya mchana imekwisha. Karibu na ikweta nao unapita upesi, kama nusu saa. Sehemu yako ya tatu iwe mahali pa juu, paa lenye ruhusa, kilima au daraja la waenda kwa miguu. Fikeni ngumi moja kabla ya machweo, mkae hadi taa ziwake. Hiyo ni saa moja na zaidi kidogo mahali pamoja, na utauona mji ukibadilika mara tatu bila kunyanyua mguu.

Na mchana wa jua kali? Mchana mle chakula, mpumzike, mwingie ndani: makumbusho, nyua za ndani, vichochoro vyembamba ambako ukuta mmoja unarudisha mwanga kwenye ukuta mwingine. Ingieni pia mitaa isiyo kwenye orodha ya mtu. Saa hizo mbili tatu usizipangie kitu. Unakumbuka ngazi alizoketi dada hazikuwa kivutio cha mtu yeyote.

Majengo yanayoangukia nyuma ni suala jepesi. Ukiinua simu itazame juu, sehemu ya juu ya jengo inakuwa mbali zaidi na kamera kuliko ya chini, na kilicho mbali huonekana kidogo. Kuta mbili zinazopanda zinakaribiana, jengo linaonekana linalala. Lenzi pana ya simu inazidisha hali hiyo kwa sababu inakuvuta usogee karibu mno. Washa gridi, ile mistari ya kukuongoza kwenye kioo, katika mipangilio, shika simu wima kabisa, kisha rudi nyuma mpaka jengo liingie lenyewe. Utapata barabara nyingi chini ya picha, ikate baadaye. Huwezi kurudi nyuma? Panda ghorofa ya jengo la mkabala kama panaruhusiwa. Au geuza nia: sogea hadi ukutani, tazama juu moja kwa moja, kuta zote zikimbilie angani. Kinachoudhi jicho ni kulala nusu nusu.

Hapo hapo niseme jambo la dada. Naweza kukisia picha zenu: jengo ni kubwa, na yeye amesimama chini yake kabisa, mdogo kama sisimizi. Mwambie aachane na jengo. Aje karibu nawe, hatua tatu hivi, jengo libaki kule nyuma lilipo. Ghafla yeye ni mkubwa, jengo linaingia lote, wala hukuhitaji kuinua simu. Na ukitaka uso peke yake, usimsogelee na lenzi pana mpaka pua ivimbe. Rudi hatua mbili, vuta picha mara mbili kwa ile namba iliyo kwenye kioo. Ila usivute mara nane au kumi, isipokuwa simu yako ina lenzi maalumu ya mbali. Bila lenzi hiyo simu inakata tu kipande cha picha na kukitanua, ndiyo maana kinatoka kama kimepakwa uji.

Za usiku zimetikisika kwa sababu kamera inayokosa mwanga hufungua dirisha lake muda mrefu. Mchana inaweza kutumia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Usiku inataka sehemu ya kumi, au sekunde nzima, na mkono wa binadamu hautulii kiasi hicho. Bana viwiko mbavuni, egemea nguzo, au ilaze simu juu ya ukuta mfupi ukitumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitingishe. Udhaifu huu una zawadi yake. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, alipiga picha ya Boulevard du Temple, Paris, kutoka dirishani. Ilikuwa barabara yenye pilika, lakini picha ilichukua dakika kadhaa, na magari ya farasi na wapita njia wote wakapotea kwa kuwa hakuna aliyetulia muda wa kutosha. Akabaki mtu mmoja aliyekuwa amesimama anang'arishwa viatu, pamoja na aliyemng'arishia. Nawe, ukiwa na simu yenye uwezo wa kupiga picha ndefu na mahali pa kuituliza, unaweza kuuondoa umati kwenye uwanja wa mji kwa namna hiyo hiyo.

Umeuliza kuhusu watu. Nimefurahi, kwa sababu wengi hawaulizi. Jifunze salamu ya mahali hapo kabla hujafika, hiyo peke yake inafungua nusu ya milango. Salimia kwanza, simu ikiwa chini. Kama unapenda anachofanya, mwambie unakipenda, kisha uliza. Akikubali, piga, mwonyeshe, na ukiahidi kumtumia picha, mtumie. Akikataa, weka mkono kifuani, shukuru, ondoka, usirudi kumvizia kutoka mbali. Kumvuta mtu kwa lenzi kutoka ng'ambo ya barabara kwa sababu unaona haya kumuuliza ni kumchukulia kitu chake. Watoto usiwapige bila mzazi au mlezi aliyepo hapo. Kwenye ibada na misiba nauweka mbali hata mkono wenyewe. Ila mtu anayepita kwa mbali katika uwanja wenye watu wengi, akiwa sehemu tu ya mandhari, mimi nampiga bila kuuliza kama sheria ya nchi inaruhusu, na akinigeukia na kuonyesha hapendi naifuta mbele yake.

Sheria hutofautiana sana, na hapa usiamini ya kuambiwa na mpita njia. Nchi nyingi hukataza picha za kambi za jeshi, vituo vya polisi, mipaka na viwanja vya ndege. Baadhi ya makumbusho hukataza flashi au miguu mitatu ya kamera. Picha za kuuza zina masharti yake: mwangaza wa usiku wa Mnara wa Eiffel, kwa mfano, una hakimiliki kwa matumizi ya kibiashara, ingawa picha yako ya kumbukumbu haina neno. Mkifika, ulizeni ofisi ya utalii au mwongoza watalii mwenye leseni mahali gani simu isitoke mfukoni. Mlinzi akikuzuia, tii kwanza, uliza baadaye, kwa upole.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu, yanataka ukamwone mtu. Wiki hii bandika ukurasa wa gazeti ukutani, mahali penye mwanga wa mchana, uupige ukiwa umbali wa mita moja, simu imetulia. Herufi za pembe moja zikiwa na ukungu kila mara, au doa lile lile likitokea mahali pale pale katika kila picha baada ya kufuta lenzi, mpelekee fundi. Usiifungue mwenyewe. Picha zikipotea kwenye kadi ya kumbukumbu, acha kuitumia papo hapo, usiifomati hata simu ikikuomba, mpelekee mtaalamu wa kurejesha data, kwa sababu kila picha mpya unayoandika juu yake inaweza kuifuta ya zamani moja kwa moja. Na hili la mwisho nalisema kwa uzito: siku utakaponunua kamera yenye kitundu cha kuchungulia cha vioo, usilitazame jua kupitia humo, hata la machweo, hasa kwa lenzi ya mbali. Ngozi ya ndani ya jicho inaungua bila maumivu. Ukibaki na doa jeusi au ukungu katikati ya unachokitazama, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Zile 840 usizifute leo kwa hasira. Zipitie mara moja kwa haraka, uweke alama kwenye zile tu zinazokufanya usimame. Zikifika ishirini, una albamu. Kwenye uso uliotiwa giza, fungua uhariri, nyanyua vivuli kidogo. Simu nyingi hutunza zaidi ya inavyoonekana. Anga iliyokwisha kuwa karatasi kabisa hairudi, iache.

Tubaki na ile ya ngazi. Uliniambia hukuipanga, lakini kwa maelezo yako naweza kukuambia kwa nini imekaa vizuri. Mlikuwa uchochoroni, kwa hiyo dada alikuwa kivulini na mwanga ukimjia kutoka juu kwenye ufa wa anga. Alikuwa ameketi, nawe bila shaka uliishusha simu kumfuata, kwa hiyo mlango haukulala. Mlikuwa karibu. Na mlikuwa mmesimama kwa sababu kamba ya kiatu iliwalazimisha. Nakuomba uitazame picha hiyo leo jioni na dada akiwa pembeni, umuulize kama anakumbuka ni mtaa gani, mlango ulikuwa wa rangi gani, nani alipita. Kisha ichapishe nakala moja, uandike atakayokujibu nyuma yake.